Nilimshitaki shemeji yangu kwa kupanga bei ya chakula cha kuku

Wakuu, salaam kutoka Nateete. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi. Mods wakiona si mahali pake, wauhamishe uzi.

Nauza chakula cha kuku. Mwenyekiti wa chama chetu cha wauzaji ni Swaibu, mume wa dada yangu. Walikaa wakapanga bei moja, asishuke mtu.

Mimi nikashuka. Wateja wangu ni akina mama wanaofuga nyuma ya nyumba, ningewabana vipi?

Wiki ile ile wasagishaji wote wa nafaka wakagoma kuniuzia pumba za kuchanganyia chakula. Lori linapita mlangoni kwangu, linashusha kwa jirani.

Nikamfuata Swaibu.

"Shemeji, rudi kwenye bei, pumba zitarudi," akasema, wala hakuniangalia.

Usingizi ukakata. Nikisikia lori lolote natoka nje mbio.

Nikaenda kwa wakili, dada mmoja mpole sana. Nikamwambia nataka wapigwe faini mpaka wafunge maduka.

"Faini inakwenda serikalini, nnyabo (bibie)," akasema. "Haikuletei hata gunia moja."

Jamani, mimi nilidhani faini ni yangu!

Akanieleza kwamba fidia ipo, ila lazima nithibitishe hasara, na safari yake ni ndefu. La haraka ni zuio: mahakama iwaamuru waache kunigomea huku kesi ikiendelea. Wakikaidi, watajibu shtaka la kuidharau mahakama.

"Sasa unataka nini kwanza? Duka au kisasi?"

Nikatoka nje nikazunguka, boda wananiita siwasikii. Nikarudi. Duka.

Zuio tukalipata. Lori la kwanza liliposimama kwangu nilihesabu magunia mwenyewe.

Baadaye chama kikaomba tuyamalize: wasipange bei tena, kila mtu auze anavyotaka. Jaji akayafanya makubaliano hayo kuwa amri ya mahakama. Mimi nikaachia fidia, wakili hakufurahi.

Juzi Swaibu kashusha bei chini ya yangu. Wateja wengine wamehamia kwake. Nimlalamikie nani? Ndicho nilichokidai mahakamani.

Nilichojifunza: kabla ya kushitaki, jua unataka korti ikufanyie nini. Kuadhibu, kulipa na kuzuia ni mambo matatu tofauti.

Wanasheria mlioko humu, nilikosea kuachia fidia?

Na mliowahi kumpeleka ndugu kortini, mlirudi vipi kula naye Idd? Dada yangu hapokei simu.