Swichibodi ya Bi Zuhura

Usiku ule wa kuamkia siku ya kung'oa swichibodi ya ofisini kwetu, Bi Zuhura alinijia. Alikuwa opereta wetu, akiunganisha simu kwa waya kwenye mtambo huo, na huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Mimi ndiye fundi niliyefunga mfumo mpya wa kupokea simu, ule wa sauti iliyorekodiwa, na sauti yenyewe ni yangu. Nililala najisifu.

Namkuta ameketi palepale, khanga mabegani, waya mkononi. Chumba ni cha ofisi, ila sakafu ni ya nyumbani kwetu Korogwe, nami nimesimama pekupeku.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

Akainua kidole. "Subiri. Nina mtu njiani."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuitikia salamu kabla ya kumaliza kuunganisha simu, hata ya mkurugenzi. Akishachomeka waya hauachii. Anasikiliza mpaka upande wa pili useme "halo", ndipo anaondoa mkono. Tulimcheka, tukamwita mmbeya. Lakini siku mama yangu alipozidiwa akapiga simu kunitafuta, Bi Zuhura alinisaka chumba kwa chumba mpaka stoo, mama akiwa bado kwenye laini. Nikaongea na mama. Hatukuongea tena.

"Simu yako," ananiambia sasa, ananipa mkonga wa simu.

Ni mama. Anahema. "Namwomba mwanangu, Idi, yule fundi."

Kabla sijafumbua mdomo, sauti yangu ile ya kurekodi inamjibu kwa madaha: bonyeza moja kwa mauzo, mbili kwa malipo.

"Mama, ni mimi!" Hanisikii.

"Namba yake siijui, baba," anaiambia ile sauti, kwa adabu kabisa. Nayo inaanza upya: moja, mbili. Halafu laini inakatika. Nalia kama mtoto, nimeshika pindo la khanga ya Bi Zuhura.

Ananiwekea waya kiganjani, anavikunja vidole vyangu kimoja kimoja.

"Usimwache mtu njiani mpaka usikie ameitikiwa."

Nikaamka nimeng'ang'ania ncha ya shuka, mto umelowa. Kumeshapambazuka. Nikampigia meneja kabla hata ya kunawa uso.

"Leo hatung'oi kitu, bosi. Kwanza tupate mtu wa kukaa mapokezi. Asiyejua namba apokewe na mtu."

"Idi, si ulisema mfumo umekamilika?"

"Haujakamilika," nikasema, na sikukata simu mpaka niliposikia ameitikia.