Mkindu wa Witeithie

Nilianza kukusanya miti ya jamii ya mitende mwaka niliostaafu ukarani. Haukuwa mpango. Shamba moja la zamani la kahawa karibu na kwetu Ruiru lilikuwa linakatwa ploti, na kando ya njia yake ya kuingilia kulikuwa na safu mbili za mitende mirefu ya mapambo, vigogo vyake vyeupe na laini. Niliokota mbegu za kujaza mkono mmoja, nikaziloweka siku tatu, nikazipanda kwenye pakiti tupu za maziwa, nikazisahau nyuma ya tangi la maji. Baada ya miezi minne mbegu moja ikatoa jani moja, jembamba, limesimama wima. Nilipiga magoti kulitazama. Nadhani ugonjwa ulinishika hapo.

Kufikia mwaka wa tano nilikuwa na miti ishirini na mitatu. Kulikuwa na michikichi, mvumo mmoja uliokataa kukua, na mkoma niliouleta kutoka Ukambani nikiwa nimeupakata njia nzima. Mume wangu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu kabla yangu, alilalamika kwamba hatuna tena pa kuanika nguo. Mimi bado nilikuwa natafuta mkindu, na sikutaka mche. Nilitaka mkindu mzima, wenye vigogo kadhaa vinavyoinama kila kimoja upande wake, niuweke mbele ya dirisha la jikoni. Mkindu hukawia sana kufika hapo, na mimi sikuwa na miaka ya kungoja.

Palikuwa na fundi wa kuhamisha miti mikubwa, mtu wa kutoka magharibi aliyekuja Thika zamani kufanya kazi kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu akaanza kutunza bustani za wenyewe. Aliishi mtaa wa Landless, hukohuko Thika. Mikono yake ilikuwa ya taratibu. Mti alioung'oa yeye haukujua kama umehama. Asubuhi moja alinipigia simu akaniambia kuna ploti Witeithie inabomolewa ili zijengwe nyumba za kupanga, na uani kuna mkindu wa vigogo vinne. Tingatinga lilikuwa linakuja kesho yake.

Tulienda mchana huohuo na pikapu ya kukodi. Mwenye ploti alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, simu mbili mkononi, mtu wa haraka lakini si mbaya. Nyumba ya mabati ilikuwa bado imesimama, vyombo vimeshatolewa nje. Nyuma yake ndipo mkindu ulipokuwa, na nilipouona nilisahau hata kusalimia vizuri.

Mama yake alitoka mlangoni. Alikuwa amenipita miaka kumi hivi, kitambaa kichwani, sweta limefungwa vifungo vyote ijapokuwa kulikuwa na jua.

"Unaenda kuupanda kwako ama unauza?" akaniuliza.

Nikamwambia naupanda kwangu Ruiru, na hautauzwa.

"Basi chimbeni mbali na shina," akasema. "Msiubanebane."

Akarudi ndani na kufunga mlango. Mwanawe alinieleza kwamba mama ameshinda siku tatu akiuongelea mti huo na hasemi kwa nini. Wazee wana mambo, akasema, kisha akaenda mbele kupiga simu zake. Nami niliyachukua maneno ya yule mama kuwa mapenzi ya kawaida ya mtu na kitu chake cha zamani.

Fundi alichimba mtaro kuzunguka mti, kisha akaanza kuingia chini ya mizizi upande wa nyumba. Nilikuwa nimesimama juu yake nikimhimiza, kwa sababu dereva wa pikapu alikuwa na safari nyingine. Mara akaacha kuchimba. Kisha akaniita kwa mkono nichuchumae.

Katikati ya mizizi, iliyoshikana kama nywele zisizochanwa, kulikuwa na kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Udongo ulikuwa umekila rangi, lakini aliposugua pembe kwa kidole gumba, buluu ikajitokeza, ile buluu hafifu ya shali za watoto wachanga. Uzi wa aina ile hauozi. Kilichokuwa ndani ya shali kilikuwa kimekwisha kuwa udongo, au karibu kuwa udongo. Sitaeleza zaidi ya hapo.

"Mama," fundi akasema kwa sauti ya chini, "hapa kuna mtoto. Wacha niwaite wenyewe."

Mpaka leo nakumbuka kwamba nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Mtu asiseme kwamba nilishtuka. Niliutazama mlango uliofungwa, nikavitazama vile vigogo vinne, nikajua kwamba tukiwaita wenyewe huo mti hautaondoka.

"Rudisha udongo," nikamwambia. "Funga gunia."

Alinitazama mtu yule. Kisha akarudisha udongo kwa viganja vyake, jembe akaliacha kando, akazungusha magunia na kuyakaza kwa kamba ya katani. Vijana wanne wa mtaa walisaidia kuupandisha mti kwenye pikapu. Fundi hakunisemesha kutoka Witeithie mpaka Ruiru. Aliupanda mbele ya dirisha la jikoni jinsi nilivyotaka, akanawa mikono muda mrefu kwenye bomba, akaenda. Tangu siku hiyo kila nilipompigia hakupokea.

Mti uliohamishwa huugua. Majani huanza kukauka, na mtu hukaa miezi akiomba. Mkindu ule haukuugua. Wiki ya tatu kila kigogo kilikuwa kimechomoza jani jipya. Wageni walinipongeza. Mimi nilianza kufunga pazia la jikoni.

Majani ya mkindu ni membamba kuliko ya ndugu zake, kwa hiyo hutikisika kwa upepo ambao miti mingine hata haiusikii. Hayo nayajua. Lakini saa nne asubuhi, nikiosha vyombo, miti ishirini na mitatu ikiwa imetulia, nilikuwa nasikia sauti moja pale dirishani, kama mwanamke anayembembeleza mtoto alale: shh, shh, halafu kimya, halafu tena. Nilifungua redio. Nilihamishia kazi ya kukata mboga sebuleni. Mume wangu aliniuliza kama macho yananisumbua, mbona nakaa gizani jikoni, nikamwambia jua la pale linachoma.

Binti yetu alikuja kutoka Kahawa Sukari akiwa na mtoto wake wa kwanza, wa miezi miwili. Nilikuwa chumbani nikitandika. Nilipotoka nikamkuta ametandaza blanketi chini ya mkindu, kwenye kivuli kizuri kuliko vyote, amemlaza mtoto, na yeye yuko hatua chache akiongea na babake. Nilikimbia. Nilimnyakua yule mtoto kwa nguvu mpaka akalia. Binti yangu aliniuliza kuna nini, nikasema siafu. Alitazama chini, hakuona siafu. Aliondoka mapema siku hiyo, na simu zake zikapungua.

Kilichonivunja kabisa ni ndege. Mvua zilikuwa zimekuja, na kwera, wale ndege wanaofuma viota, wakahamia kwenye mkindu na kuanza kuchana majani yake. Asubuhi moja nilifungua pazia nikaona kiota kimoja kina mshipi wa rangi. Nilisogea mpaka kioo kikagusa paji langu. Uzi wa buluu ulikuwa umefumwa ndani ya nyasi, mrefu, umezungushwa mara tatu. Mvua ilikuwa imeosha udongo pale shinani na ndege alikuwa ameuokota.

Mume wangu alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwambia yote, kuanzia mlango uliofungwa hadi gunia. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi anayeeleza alivyofikia jibu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema, "na ukafunga."

Nikasema ndiyo. Akaenda kuchukua koti lake. Akaniambia tunaenda Witeithie.

Pale uani palikuwa pamesimama jengo la orofa tatu na ya nne ikiendelea. Mwenye ploti alitupokea vizuri, akidhani tunatafuta nyumba. Mama yake alikuwa amehamia Landless kwa bintiye, dada wa huyo mwenye ploti. Hatukumwambia kwa nini tunamtaka. Alituelekeza.

Tulimkuta yule mama peke yake kwenye chumba cha mbele, anachambua mboga. Alinitambua mara moja. Alitukaribisha, akainjika chai, akamuuliza mume wangu habari za Ruiru. Chai ilipomiminwa nikaanza kusema kwamba siku ile, tulipokuwa tunachimba, fundi alisimama.

"Nilimwona akisimama," akasema. "Nilikuwa dirishani."

Niliweka kikombe chini.

"Nilikuona ukichuchumaa pia. Nikasema, sasa atakuja kunibishia mlango. Nikakaa kwa kiti karibu na mlango nikingoja. Nikasikia gari limewaka."

Alieleza polepole, akiendelea kuchambua. Mtoto alikuwa wake wa kwanza, msichana, alizaliwa kabla ya siku zake na hakulia. Mume wake, ambaye sasa ni marehemu, alisema mtoto ambaye hakulia haliliwi, akamzika nyuma ya nyumba, na habari ikaishia hapo. Yeye mama ndiye aliyetoa mche wa mkindu mtoni na kuupanda, ili asije mtu akalima mahali pale. Watoto waliofuata hawakuambiwa. Mwana wake alipotaka kujenga, yeye mama alishindwa kuanza kusema, maana angeulizwa mbona alinyamaza miaka yote hiyo. Niliposema mti unaenda kwa mtu na hautauzwa, aliona afadhali mtoto aende na mti wake kuliko kubaki chini ya vyoo vya wapangaji.

"Sikukataa uende," akasema. "Nilitaka tu mtu aniite. Ningemfunika mwenyewe."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi niliomba radhi kwa maneno niliyokuwa nayo, na yalikuwa machache. Aliyasikiliza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza hata mara moja katika miezi yote ile ya pazia na redio.

"Mlimchukua wote, hakuna kilichobaki shimoni?"

Sikujua. Nilimwambia sijui, lakini yupo anayeweza kujua na anaishi mtaa huohuo. Aliniambia niende nikamuulize, yeye atangoja. Mume wangu alibaki naye.

Fundi alikuwa nje ya chumba chake akinoa panga. Hakushangaa kuniona. Nilimuuliza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti.

"Niliweka nilichokiona," akasema. "Shali niliiweka yote. Lakini ulikuwa unaniambia haraka, Mama. Ule udongo mwingine uliomwagika kwa shimo sikuupekua. Siwezi kukudanganya."

Kutoka kwake hadi kwa yule mama ni mwendo wa dakika tano. Nilitembea nikitafuta sentensi nyingine, ya uongo na ya huruma, ambayo ingemaliza mambo. Nilikuwa nayo tayari mdomoni nilipofika mlangoni. Kisha nikamwona ameketi kwenye kiti karibu na mlango, amekunja mikono, ananingoja, na nikamwambia neno kwa neno alivyosema fundi.

Hakulia. Aliichukua sufuria ya chai iliyopoa, akairudisha motoni. Halafu akaniuliza ni siku gani nzuri ya kuja Ruiru.

Alikuja Jumamosi na binti yake, ambaye sasa alikuwa ameambiwa. Nilikuwa nimeokota kile kiota chini baada ya ndege kukiacha, nikampa. Aliuchomoa uzi taratibu, akauviringisha kidoleni, akaurudisha shinani na kuufunika kwa udongo, na mara hii alifanya yeye mwenyewe. Alifagia chini ya mti. Kisha akatazama dirisha, akaniuliza ni la chumba gani. Nikamwambia ni jikoni.

"Ni sawa," akasema. "Atakuwa akisikia watu wakipika."

Niliondoa pazia baada ya siku hiyo. Sauti haikuondoka, na siwezi kusema kwamba nimeizoea. Miti mingine nimeigawa, mmoja mmoja, kwa majirani na kanisani, na situmi tena mtu kunitafutia mti mahali popote. Binti yangu nilimweleza. Alisema angependa ningemwambia siku ileile, na mtoto wake hajawahi kumlaza pale tena. Simlaumu.

Nikipita Witeithie naliona lile jengo. Orofa ya chini wapangaji wameanika nguo, pengine za watoto, na ninahesabu milango kutoka kushoto nikijaribu kukisia mahali ua ulipoishia na shimo lilipokuwa. Kila mara napata mlango tofauti.

Yule mama miguu imemzidi, haji tena. Naenda mimi Landless, kila baada ya wiki tatu hivi. Huniita kwa Kikuyu mwari wa maitu, dada yangu, na hunimiminia chai kabla ya wengine. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Anachoniuliza, kila nikifika, ni kama kumenyesha Ruiru, na kama udongo wa pale shinani bado umekaa.