Swali la Mkubwa wa Nchi

Baba yangu alianguka mtihani wa akili kwa swali moja tu, na jawabu lake alikuwa akilijua vizuri.

Kaka yangu mdogo, anayeishi Sur, ndiye aliyetaka apimwe. Baba alikuwa akikaa peke yake Ibra, katika nyumba aliyoijenga tulipohamia huku Arabuni kutoka Unguja, na siku moja jirani alikuta jiko linawaka na mwenyewe yuko msikitini. Kaka akasema daktari akimwona kichwa chake kizima, mzee abaki kwake. Akisema vingine, nyumba itapangishwa na baba atahamia Sur. Baba alikubali bila ubishi. Alikuwa na hakika atashinda, na mimi pia, maana mzee huyo mpaka leo hunikosoa Kiswahili changu kwenye simu.

Nikampeleka Nizwa, ninakosomesha. Daktari alikuwa kijana mpole, akiuliza kwa Kiarabu. Leo siku gani? Baba akajibu. Mwezi gani? Akautaja wa Kiislamu na wa Kizungu. Akachora saa, akayarudia maneno aliyoambiwa ayashike. Nilianza kuona fahari kama mama ambaye mwanawe anasoma juzuu mbele za watu. Kisha daktari akauliza mkubwa wa nchi ni nani.

Baba akatazama mlango, akatazama dirisha, kisha akaiangalia mikono yake. Daktari akarudia taratibu. Baba akasema yeye mtu mzima, mambo hayo hayajui.

Nilitaka kumtikisa. Mtu anayeitikia amina dua ya Sultani kila Ijumaa, asiyekosa taarifa ya habari, leo hajui! Daktari akaligeuza swali, akauliza nani anaiongoza serikali. Tangu hapo kila alichoulizwa baba alisema hajui, hata majina ya wajukuu zake.

Nje ya chumba daktari aliniambia, kwa huruma ya kweli, kwamba mzee hafai tena kukaa peke yake. Nikamsihi ampime mara nyengine. Akakubali, akasema turudi wiki ijayo, lakini nisitarajie makubwa. Kaka alipopiga simu nikamweleza. Yeye alizaliwa huku, na Kiswahili chake ni cha kuokotaokota. "Hajui hata jina ya Sultani," alisema. "Khalas, dada. Tusimtese."

Njiani kurudi Ibra, tulipofika Izki, nikasimamisha gari mbele ya mkahawa, nikaagiza chai ya maziwa, tukanywa mle mle garini. Hasira zilikuwa zimenijaa. Nikamuuliza kwa nini kanifanyia vile.

"Mkubwa namjua," akasema. "Mtu akikuuliza nani mkubwa, anakutafuta wewe. Hamtafuti yeye."

Nilijua kwamba ujanani chama cha Unguja kilimpeleka Ulaya, katika nchi moja ya kikomunisti, akajifunze ufundi wa mitambo. Alichokuwa akituhadithia siku zote ni baridi na viazi. Siku ile alinieleza mengine.

Kule, alisema, walikuwa na rais, picha yake imetundikwa kila darasa. Rais akipokea mabalozi, akikata utepe, akitia saini sheria zilizokwisha kuamuliwa kwengine. Mwenye nchi hasa alikuwa katibu wa chama. Wote wakilijua hilo, na hakuna aliyeruhusiwa kulisema. Basi mwalimu wa siasa akiuliza mkubwa ni nani, hapana pa kutokea. Ukimtaja rais, umemdharau katibu. Ukimtaja katibu, umeiumbua katiba yao. Wanafunzi wakijifanya wajinga, na wajinga wakifaulu.

Rafiki yake mmoja, Mpemba, alichoka kujifanya. Siku moja chumbani, wakinywa chai, alicheka akasema kazi ya rais ni kushika mkasi. Mle ndani walikuwa yeye, baba, na mtoto wa ami yake baba. Haukupita muda Mpemba akarudishwa nyumbani, na nyumbani nako chama kilikuwa kimoja. Mama yake alikwenda kumpokea uwanja wa ndege, akaambiwa hakuwamo. Akafa mama huyo hajamwona tena mwanawe.

"Mie sikusema," baba alisema. "Basi kabaki nani?"

Mtoto wa ami yule nilimjua. Alitulea. Alikuwa shahidi kwenye harusi ya baba, na alipokufa baba ndiye aliyemtia kaburini, na hata siku moja hakumuuliza. Niliingiwa na uchungu na woga pamoja, nikamsomesha kama mwalimu darasani. Nikamweleza kwamba hapa si kule. Yule ni daktari, na swali lile huulizwa kila mzee. Wiki ijayo ataulizwa tena, na asipojibu nyumba imekwenda, na mimi sitakuwa na la kumwambia kaka. Nikamwomba basi aniambie mimi, mimi peke yangu, jina tu, nipate moyo.

Baba akakishusha kikombe. Alinitazama, na macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Nani kakutuma, mwanangu?" aliniuliza kwa upole.