Kitambaa Cheupe cha Bibi Zaina

Nitasema, mnitukane mkitaka. Ninasimamia nyumba ya wazee hapa Kasongo. Bibi Zaina na Bibi Feza walilala chumba kimoja, na kila siku ni vita juu ya dirisha: huyu anafungua, yule anafunga. Bibi Zaina alipopelekwa hospitalini, mimi mwenye akili nyingi nikatoa kitambaa cheupe ndani ya kabati lao, nikakipigilia misumari kwenye boriti, katikati ya vitanda. Pazia! Akirudi, kila mmoja na upande wake.

Bibi Feza akaja kukivuta. "Hii kitambaa, mutoto yangu..."

"Nyamaza, Bibi! Hata mwenzako akiwa mugonjwa unamutafutia maneno?"

Akakiachilia, akarudi kitandani kwake.

Siku ya tatu wajukuu wa Bibi Zaina wakaingia, macho mekundu. "Bibi ametutoka. Tumekuja kuchukua sanda yake. Alisema iko ndani ya kabati."

Nikafungua kabati kama mwenye mali. Nikapekua juu, nikapekua chini. Blanketi tu.

Nyuma yangu Bibi Feza alikuwa amepanda juu ya kitanda, analia, anang'oa misumari kwa vidole.

"Leta nyundo," akaniambia. "Misumari yako inanishinda."