Amne na Tanuri la Sydenham

Amne alipima miji kwa idadi ya nyumba anazoweza kuingia bila kualikwa. Tanga, alikozaliwa, hakuwahi hata kuzihesabu. Kütahya, mji mdogo na mtulivu wa Uturuki alikokaa miaka mitatu, zilifika kumi na moja. Durban, baada ya miezi minne, hakuwa na hata moja.

Ndiyo maana mwanzoni mwa Juni 1998, tukiwa mezani, alimwambia mumewe Shekue: "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nisipopata nyumba moja tu ya kuingia hivi hivi, nikatie tiketi nirudi kwa mama."

Shekue alikuwa fundi wa kuchoma vigae. Kampuni yake ya nyumbani ilimpeleka Kütahya kujifunza, maana mji ule unaishi kwa vigae na vyombo vya udongo, kisha kiwanda kimoja cha Durban kikamchukua. Alijua mkewe hatishi bure. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimepanga chumba chao cha nyuma hapo Overport, na siku ile niliinamia sahani yangu. Niliogopa. Nyumba ya kuingia bila kualikwa mimi nilikuwa nayo moja tu katika mji huu, nayo ni yao.

Habari za Kütahya nilizisikia jikoni, Amne akikata vitunguu. Alifika Januari, theluji inafika magotini, anajua maneno matatu ya Kituruki, moja kati ya hayo alitoka nalo nyumbani: chai. Siku ya tatu mama wa mlango wa pili aligonga, akavua viatu, akaingia na sufuria ya supu ya dengu. Akalikagua jiko la Amne kama mkaguzi wa shule, akatikisa kichwa, akatoka, akarudi na blanketi.

Hata hivyo wiki za kwanza alilia. Mji haukuwa na mambo. Akipita sokoni, wauza tufaha walisimamisha mizani wamtazame mpaka apotee kwenye kona. Kilichomwokoa ni tanuri la mtaa. Kule mwanamke huandaa nyama yake nyumbani, ya kusaga, na kitunguu, nyanya na pilipili, akaipeleka kwa mwokaji ndani ya bakuli. Mwokaji huutandaza unga wake uliokandwa mpaka uwe mrefu, huimwaga nyama juu, huubana kingo na kuusukuma motoni kwa ubao wenye mpini mrefu. Unalipia unga na moto, basi. Ukingoja, unakaa kwenye benchi na wenzako.

"Kituruki chote nimejifunzia kwenye benchi lile," aliniambia. "Nilijua nani kamwacha mumewe kabla sijajua kuhesabu mpaka mia."

Overport haikuwa na benchi. Ilikuwa na mageti ya chuma, mbwa, na majirani waliosema "hello, sharp" huku wanageuza ufunguo.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Amne aliamka mapema, akasaga nyama, akaitia kwenye bakuli na kulifunika kwa kitambaa safi, akaniambia nimsindikize. Sikujua tunakwenda wapi mpaka tuliposimama kwenye foleni ya duka la mikate kule Sydenham. Mwenye duka aliitwa Uncle Vawda. Huku wazee wa Kihindi wote ni Uncle. Asubuhi ile alikuwa amenuna, kwa kuwa usiku uliopita Ufaransa ilikuwa imeifunga Afrika Kusini mabao matatu bila kwenye Kombe la Dunia.

Amne akaweka bakuli juu ya kaunta, akafunua. Walizungumza Kiingereza.

"Asalaam aleikum, Uncle. Naomba mikate sita. Nyama hii hapa."

Uncle Vawda alilitazama bakuli, akamtazama Amne, akalitazama tena bakuli. "Unauza?"

"Siuzi."

"Imeharibika? Bucha iko mlango wa pili, mama. Kagombane naye yeye."

"Nzima kabisa, nimeisaga leo. Wewe uitie kwenye unga wako, uoke, mimi nikulipe."

"Yaani," alisema polepole, "umeniletea chakula chako nikupikie."

"Ndiyo."

"Nyumbani kwako hakuna jiko?"

"Lipo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja nyuma yetu akapaza sauti: "Uncle, kesho nakuletea mashuka yangu unifulie!"

Mimi nilijifanya nasoma bei za keki. Amne hakutikisika. Aligeuza tu macho huku na huku, na baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anatafuta pa kukaa.

Ndipo akatoka Anaclet, mwokaji, mtu wa Bukavu, nyusi zimejaa unga. Aliposikia tunanong'onezana Kiswahili akasogea. "Mama, iko shida gani?"

Amne akamweleza. Anaclet akacheka. "Iko fasi, mama. Saa tano mikate yote iko inje, na tanuri iko na moto bado. Mimi mwenyewe naweka mo samaki yangu kila siku."

Amne akafurahi mno. Akamgeukia mwenye duka, akamtafsiria: "Umesikia, Uncle? Anasema inawezekana! Yeye huoka samaki wake humo kila siku!"

Foleni nzima ikamgeukia Anaclet.

"Samaki," alisema Uncle Vawda. "Ndani ya tanuri langu."

"Eish, mama," alinong'ona Anaclet. "Umeniuza."

"Miezi mitano watu wananiuliza kwa nini mikate ya maziwa inanuka bandari! Jana Wafaransa wako wametufunga tatu, leo samaki!"

"Uncle, mimi ni Mkongo!"

"Unaongea Kifaransa, yatosha!"

Yule wa mashuka alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile kilimshinda hata Uncle. Niliona masharubu yake yanacheza. Akaomba risiti ya nyama. Ilikuwa ya bucha ya mlango wa pili, halali bila shaka. Akainua kidole kimoja. "Mmoja tu. Nione. Ukiharibu kitu, nyote wawili nje."

Amne alikuwa ameshazunguka kaunta na kukunja mikono ya gauni, anamwonyesha Anaclet jinsi ya kubana kingo. Haikupita robo saa harufu ikapanda mpaka ghorofani, na mke wa Uncle, Aunty Rabia, akashuka kuuliza nani anapika bila kumwita. Alikula amesimama, akaungua ulimi, akaendelea kula.

"Pilipili yako ya kitoto," alimwambia Amne. "Jumamosi ijayo naleta nyama yangu mimi. Utajua."

Akaileta kweli, kijani kwa majani ya giligilani. Yule wa mashuka akaja na dagaa wa kopo. Anaclet akaoka samaki wake mchana kweupe. Uncle Vawda akapindua makreti ya mikate ili wanawake wakae, akidai ni kwa sababu wanawazibia wateja njia.

Nilipomuuliza Amne kama sasa amepata nyumba yake, alikataa. "Dukani si nyumbani." Siku mbili baadaye Shekue akaleta karatasi yenye bei ya tiketi, akaiweka juu ya redio.

Jumamosi ya mwisho ya Juni Aunty Rabia hakushuka. "Mafua," Uncle alisema. Amne akanikabidhi bakuli, akapotea. Nikabaki peke yangu na wale wanawake. Wakanikalisha kwenye kreti, wakaniuliza nina mchumba au nina vitabu tu, na sijui ilikuwaje, nikawajibu. Mikate ilipotoka ilinichukua saa nzima kuagana.

Amne alirudi saa kumi na moja jioni, mikono ya gauni imelowa.

"Umetoka wapi?" Shekue aliuliza.

"Kwa Rabia. Ana homa, na yule mumewe hajui hata majani ya chai yanakaa wapi. Nimemchemshia tangawizi, nimeosha vyombo vya siku mbili, na visu vyao vyote butu, sijui wanakataje vitunguu."

"Alikuita?"

"Aniite vipi, sauti hana?"

"Nani alikufungulia?"

"Geti lilikuwa wazi, nikapan..." Akajitazama mikono.

Shekue aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Kisha akakaa na kunyoosha miguu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Usikae," Amne alimwambia, macho yanang'aa. "Nimemwahidi uji kabla ya magharibi. Chukua sufuria ile kubwa. Na kinoleo cha visu kiko wapi?"