Kila Anayelala Humu Aulizwe

Pale saluni walimwita Wakili, maana alisuka nywele huku kitabu cha sheria ya ardhi kimeegemezwa kwenye kioo. Wateja walilalamika kwamba akifika kwenye ukurasa mgumu, mkono wake unavuta zaidi. Alikuwa mama wa watoto watatu na mwanafunzi wa chuo kikuu, masomo ya jioni, na aliyemfikisha huko ni mama mkwe wake.

Watu husema mama mkwe na mke wa mwanawe ni paka na panya. Haya, waseme. Huyu ndiye aliyewaogesha watoto, akawalisha na kuwalaza, jioni baada ya jioni, mama yao akiwa darasani. Wakili alipofeli somo la mikataba na kutaka kuacha, mama mkwe alimjibu bila kugeuka kutoka kwenye beseni: "Ukiacha, nepi zote hizi nitakuwa nimezifua bure." Wakili akarudi chuo.

Kisha likaja somo la haki za mtu wa tatu, nalo likagoma kumwingia kichwani. Mtu atakuwaje na haki kwenye nyumba yenye hati ya jina la mwingine? Mwalimu wao, mama mmoja asiyecheka hata kwa bahati mbaya, akawaambia: "Hati inakwambia mwenye nyumba ni nani. Haikwambii nani mwingine ana chake humo. Kabla hujanunua, kabla hujapokea rehani, ingia ndani uulize kila anayelala humo."

Jioni hiyo Wakili aliteremka ngazi za chuo akiiwaza nyumba yake. Mumewe, fundi magari, alikuwa katika mipango ya kuiweka nyumba yao rehani benki ili apanue gereji. Hati ilikuwa na jina lake peke yake, lakini kiwanja kilinunuliwa kwa fedha za shamba la mama yake, shamba pekee alilokuwa nalo. Gereji ikienda mrama, wao wangejibanza popote. Mama angekwenda wapi?

Afisa wa benki alikuja Alhamisi. Mume akasaini, akamsogezea mkewe kalamu, kwani benki ilitaka na ridhaa ya mke.

"Sisaini," Wakili alisema. "Mama hajaulizwa."

Mume akacheka, akidhani ni utani. "Mama aulizwe nini? Mama ni mama."

"Shamba lake ndilo lililonunua hapa. Na yumo humu ndani, anaishi."

"Nakulipia ada uje kuniwekea kauzibe nyumbani kwangu?"

"Ada unalipa, sikatai, na nakushukuru. Na wanao huwa wanaogeshwa na nani nikiwa chuo?"

Wakili hakuwa amewahi kumpinga mumewe mbele ya mgeni. Lakini fadhila za punda ni mateke, na yeye hakuwa punda.

Afisa akakuna kidevu. Aliuliza kama kweli kuna shamba lililouzwa, mume akakubali huku akitazama sakafu. "Basi aitwe," afisa alisema. "Benki ni heri imsikie leo kuliko kumsikia mahakamani."

Mama, aliyekuwa ameyasikia yote, akatoka jikoni akijifuta mikono. Afisa alimweleza polepole: mwanawe anakopa, nyumba ndiyo dhamana, deni lisipolipwa nyumba itauzwa na yeye atahama. Je, anakubali?

Mama akaketi kwenye kochi. Wakiwapo wageni, hakuwa na kawaida ya kuketi sebuleni.

"Shamba uliniomba nikakupa," alimwambia mwanawe. "Ulipojenga, hukuniuliza hata chumba changu kikae upande gani. Nikanyamaza, nikajua naishi kwa hisani yako."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe zamani." Akamgeukia Wakili, akamshika mkono. "Asante, binti yangu." Wakili, aliyekuwa na shukrani za miaka minne za kumrudishia, aliukumbatia mkono huo kwa mikono yake miwili, machozi yakimtoka.

Afisa akakohoa. "Kwa hiyo, mama, unakubali?"

"Leo sikubali."

Mume akashika kichwa.

"Njooni mniulize tena kesho," Mama alisema, akijiegemeza vizuri kwenye kochi. "Kumbe kuulizwa kuna raha yake."