Mtoto Asiye na Harufu

Mama yangu hakuwa mtu wa kubusu. Wajukuu, waliomwita koko, wakifika kwake Mangobo, aliwashika masikio yote mawili, akaweka pua utosini, akavuta pumzi ndefu, kisha akasema, "Huyu iko wetu." Hakuwa na salamu nyingine.

Baba alipozama mtoni na mwili wake usipatikane, mama aliapa kutotia tena kinywani kitu kilichotoka katika maji yale. Samaki wamemla mume wake, alisema, naye awale wao? Nyama hatukuimudu, na maharage hakuyapenda hata kidogo. Akabaki na kwanga, mkate wa muhogo, na pondu, mboga ya majani ya muhogo, asubuhi na jioni, zaidi ya mwaka. Majirani walimsifu kwa msimamo huo, na sisi pia.

Mimi na binti yangu wa miaka minne tuliishi hapo kwake. Siku moja alimshika mtoto, akamnusa. Akamnusa tena. Akamwachia ghafla.

"Huyu mutoto haiko na harufu. Walimubadilisha."

Nilicheka, nikamwambia mafua yamemziba pua. Hakuwa na mafua. Tangu siku hiyo alikaa mlangoni akimtazama mtoto akicheza, hapepesi macho. Mtoto akiingia jikoni kimyakimya, mama anaruka kama aliyeguswa na maiti. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumchunguza mwanangu. Nilimnusa shingo: jasho, sabuni, mawese. Alikuwa wangu. Hata hivyo nilimnusa tena.

"Donc, Jumapili tunamupeleka kwa maombi," mama akasema. "Aseme mujukuu yangu iko wapi."

Hapo damu ilinichemka. Katika mji wetu, mtoto akishasemwa kuwa ni mchawi anafungiwa mlango, na baadaye unamkuta analala sokoni. Nilimburuta mama hadi kituo cha afya, wampime pua.

Muuguzi alimfunga macho, akampitishia kahawa chini ya pua, kisha mafuta ya taa. Mama akauliza kipimo kitaanza lini. Hapo muuguzi akataka kujua anakula nini. Akatueleza kwamba huenda mwili wake umekosa zinki, madini yaliyomo kwenye samaki, nyama na hata wadudu, na kwamba yakipungua sana pua inaweza kuacha kunusa. Akampa vidonge, akamwambia ale samaki.

"Samaki? Jamais!"

Tukaafikiana juu ya mbinzo, wale viwavi wa msituni. Hao, alikubali mama, hawajamla mtu wetu.

Zilipita wiki nyingi. Asubuhi moja alipiga kelele uani kwamba pondu inaungua, na kweli ilikuwa ikiungua, kwa jirani. Nilipiga vigelegele kama mwehu. Mama akapiga magoti palepale, akanyoosha mikono, machozi yakimtoka, akamwita mjukuu wake.

Mtoto akajificha nyuma ya kitenge changu.

"Koko," akasema kwa upole, "mimi siko yule. Yule hajarudi."